Maji Yasiyo na Chura

Fsss! Mlio mrefu, mwembamba, ulitoka chini ya boneti kabla mtu hajaona kitu. Kisha mvuke ukaziba kioo cha mbele, na Stanslaus, kijana dereva wa lori, akakanyaga breki katikati ya pori.

"Rejeta imepasuka," alisema, akaipiga teke bampa.

"Usiionee. Nani alichagua njia ya zamani ya mgodi?" aliuliza Philomena, mwenye mzigo. Alikuwa akipeleka magunia ya dagaa kutoka Nkome kwenda Shinyanga, kiangazi kile kikali cha mwaka 1953.

"Mayu, mimi nimezaliwa Segese. Pori hili ni uwanja wetu wa nyuma." Alimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ingawa hawakuwa ndugu.

Aliziba ufa kwa sabuni, akamimina rejetani debe lote la maji ya kunywa. Lori lilikwenda mwendo mfupi, likazima, halikuwaka tena. Wakabaki na dagaa tele, bila tone la maji.

Walitembea mpaka giza, wakalala juu ya majani, wakaamka midomo imepasuka. Jua lilipopanda, ulimi wa Philomena ulikuwa mzito kama kipande cha ngozi. Ndipo wakaliona bwawa.

Lilikuwa jeupe kama kioo. Kijito chembamba kilishuka kutoka mlimani kulijaza, na kingo zake zilikuwa mchanga wa kijivu, laini kama unga. Stanslaus alikimbia.

"Subiri!" Philomena alipaza sauti. "Sikiliza kwanza."

"Nisikilize nini? Hakuna kitu."

"Ndiyo hivyo. Hakuna kitu."

Hapakuwa na chura, kereng'ende wala mbu. Nyasi za ukingoni zilikauka zimesimama. Mifupa ya ng'ombe ililala fuvu likielekea majini, na hakuna fisi aliyeigusa.

"Safi kuliko ya kisima cha padri!" Stanslaus alipiga magoti, akanywa kwa viganja, akanywa tena. Akacheka, ndevu zikidondosha maji. "Wewe umezoea maji yanayonuka samaki, ndiyo shida yako."

"Ziwani kwetu, maji yasiyo na kidudu hata kimoja tunayakimbia."

"Basi kimbia na kiu yako!"

Philomena aliketi akaligeuzia bwawa mgongo. Akahisi kama maji yale yanamwita kwa jina, polepole, kwa sauti ya mtu anayempenda. Alifumba macho, akauma ukingo wa kanga yake.

Kabla jua halijasogea sana, Stanslaus alijikunja. Alitapika maji, kisha nyongo, kisha damu. Alipopata pumzi, hakuomba msaada. Aliuchota mchanga wa kijivu, akaukazia macho.

"Huu umesagwa kwa mashine," alisema. "Baba alisaga mawe huko juu, kabla mgodi haujafungwa wakati wa vita. Wenye mgodi waliuacha uchafu wao wote, na sumu yake. Twende juu, mayu. Tulipite rundo lao. Maji ya juu hayajagusana nalo."

Walipanda wakifuata kijito, mkono wa Stanslaus shingoni mwa Philomena. Miguu ya kijana ilikuwa ya baridi kwenye joto lile. Marundo ya kijivu yakatokea, marefu kama makaburi ya majitu, na mapipa yaliyooza yakivuja kijitoni. Upepo ulipita kwenye banda tupu la mashine, ukanong'ona kama watu wa zamu.

Stanslaus akasimama ghafla. "Baba ananiita. Yuko shimoni."

"Usiitikie."

"Ananiita kwa jina la utotoni."

"Usiitikie, nimesema! Funga mdomo, utembee!"

Alimburuta. Nyuma ya rundo la mwisho, ardhi ikawa tope, mbu wakawashambulia, na kelele ikapasuka pande zote: vyura! Philomena alichuja tope kwa kanga, akanywa. Ruba alinasa mdomoni mwake, naye akamng'oa kama mtu anayepokea zawadi. Akamnywesha Stanslaus. Maji yakamrudi mdomoni.

Wachunga ng'ombe waliwakuta hapo. Mkubwa wao, Makoye, alimtazama kijana, akatikisa kichwa.

"Kanywa bwawani? Pale tumezika wengi. Pori hili limelogwa."

"Halikulogwa," Stanslaus alisema kwa shida. Akamshika Philomena kiganja. "Mayu, usiniache kule chini."

Hakusema tena. Makoye alimfumba macho.

"Wageni tunawazika ukingoni mwa bwawa," alisema. "Udongo wake ni laini."

"Huyu hashuki." Philomena alikipakata kichwa cha kijana, akampangusa midomo, akasema kwa sauti ili wachungaji wote wasikie:

"Stanslaus mwanangu, nimekusikia. Utalala hapa juu, hata nikichimba kwa kucha. Na Nkome sirudi mpaka nimefika kila nyumba inayochota maji kule chini, niwaambie kilichokuua. Wakinifukuza kama mchawi, nitarudi kesho yake. Nakuahidi, baba."