Sukari ya Karatasi ya Buluu

Kila asubuhi, Dorkas alipotoka kuteka maji, alipitia kwa Bibi Honorata. Hakuwa bibi yake wa kumzaa. Alikuwa jirani tu, lakini pale Bombo jirani mzee ni bibi wa watoto wote. Alimkuta ameshakoka moto chini ya karai, maji ya miwa yanatokota, naye anaengua povu kwa kata ya kibuyu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tua ndoo upumzishe shingo."

Maji yale yakishakuwa mazito, Bibi huyamimina kwenye vipande vya vibuyu yagande. Kabla bonge halijakauka, hulibonyeza kwa kidole gumba, likabaki na kishimo. Kisha hulifunga kwa ganda kavu la mgomba. Hiyo ndiyo sukari guru yake. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo kishimo kile ndicho kilichokuwa jina lake.

Siku nyingine Bibi humtegea Dorkas kitendawili kabla hajaenda shule. Siku moja hakutega.

"Chande alikuja tena jana," alisema huku akichochea kuni.

Dorkas alimjua Chande. Alikuwa mtu wa bondeni, huko kwenye mashamba ya mkonge, na kila mtu alijua kwamba sukari guru anayoinunua milimani inaishia kwenye mitungi ya gongo.

"Anautaka mzigo wote. Jumapili atarudi na magunia."

"Utampa, Bibi?"

"Mtoto wa dada yangu alipoteza macho yote mawili kwa gongo. Chande simpi hata ukoko wa karai." Bibi aliengua povu tena. "Lakini nisipopata mnunuzi mwingine, moto huu nauzima. Na ule mtambo wa kukamulia miwa nitaupasua kuni. Nimechoka kupika kitu kinachopendwa na walevi peke yao."

"Duka la shule litanunua," Dorkas alisema. Hakuwa amemwuliza mtu yeyote.

Duka la shule lilikuwa kibanda cha udongo karibu na bustani ya mboga. Wanafunzi wenyewe ndio waliokuwa wakiliendesha, ili wajifunze kujitegemea. Dorkas wa darasa la sita alikuwa mnunuzi wa bidhaa, na Lukasi wa darasa la saba alikuwa mwenyekiti. Dorkas alipotua kikapu cha mabonge mezani, Lukasi aliziba pua.

"Nani atakula hiyo? Hicho si chakula cha gongo?"

"Ni miwa, Lukasi. Na miwa unakula kila siku."

"Mpishi, leo umepika lita ngapi?" mtoto mmoja aliuliza kutoka mlangoni, na wenzake wakaangua kicheko.

Siku mbili zikapita. Hakuna aliyenunua hata bonge moja, isipokuwa nyuki waliokuja kuonja bure. Tena mzazi mmoja akaenda kumlalamikia Mwalimu Tumainieli, kwamba shule sasa inauza vitu vya walevi. Mwalimu akasema jambo hilo litaamuliwa na wazazi wote siku ya Jumamosi, baada ya kazi ya msaragambo.

Alhamisi asubuhi Lukasi alikuja na karatasi za buluu, zile zinazofungiwa sukari katika duka la mjomba wake kule Hedaru.

"Tuivunje vipande vidogo, tuifunge humu," alisema. "Tutasema ni sukari guru ya mashine, imetoka kiwandani."

"Huo ni uongo."

"Ni karatasi tu, Dorkas. Au unataka bibi yako azime moto?"

Maneno hayo yalimpata penyewe. Dorkas alishika jiwe akaanza kuvunja. Bonge la kwanza lilipasuka katikati ya kishimo cha kidole. Aliangalia pembeni, akaendelea.

Mapumziko yalipokwisha, kikapu kilikuwa kitupu. Waliokuwa wakicheka ndio waliolamba vidole. Wengine walipeleka nyumbani, na kesho yake wazazi wakatuma watoto kuulizia nyingine.

Jioni Dorkas alikimbia kwa Bibi Honorata. "Bibi, imekwisha yote. Wanataka nyingine!"

Bibi alitabasamu mpaka meno yake machache yakaonekana. Kisha akaona karatasi ya buluu mkononi mwa mtoto. Akaichukua, akainusa. Dorkas akamweleza yote, sauti ikizidi kupungua.

Bibi alikunja karatasi mara nne, polepole.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nikivaa nguo yangu wananikimbia, nikivaa ya kuazima wananikumbatia."

Dorkas aliwaza, akashindwa. "Nakupa mji, Bibi. Chukua Hedaru."

"Mji wako siutaki. Kalitafute jibu." Bibi akaugeukia moto. "Na sukari nyingine hupati. Yangu haijifichi kwenye nguo za watu."

Jioni hiyo hiyo ya Ijumaa pembe ililia mlimani kuwaita watu kwenye msaragambo. Hiyo ni kazi ya pamoja ya Wapare tangu enzi za mababu: pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu. Kesho yake walikuwa wakizoa tope kwenye ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya kumwagilia mashamba. Dorkas alibeba karai la tope kichwani, na kitendawili kilimzunguka kama nzi. Alipoliangalia tope lililomganda kwenye gauni, jibu lilimjia.

Saa saba watu waliketi kwenye majani. Mwalimu Tumainieli akaeleza malalamiko. Mzee Eliezeri, mwenyekiti wa kijiji, akasimama akijifuta mikono.

"Ndugu zangu, mimi sina ubaya na Mama Honorata. Lakini sukari guru ya huku kwetu ina sifa mbaya. Watasema shule ya Bombo inalea wapika gongo. Juzi mjukuu wangu ameniletea ile ya karatasi ya buluu, ya kiwandani. Nimeweka kwenye uji, mpaka nikaomba bakuli la pili. Shule iuze hiyo."

Watu waliitikia kwa vichwa. Bibi Honorata aliketi nyuma, amekumbatia magoti. Dorkas akasimama.

"Kaa chini," Lukasi alinong'ona. "Utatuponza."

Hakukaa. "Shikamooni wazee. Mimi ndiye niliyeifunga ile karatasi. Ndani ni sukari ya Bibi Honorata. Niliivunja kwa jiwe, nikasema uongo kwamba ni ya kiwandani. Naomba mnisamehe kwa uongo. Lakini utamu ule haukuwa uongo."

Vichwa viligeuka kumtazama Bibi Honorata. Kisha mama mmoja akacheka, na mwingine.

"Mwenyekiti, bakuli la pili!" mtu aliita kutoka nyuma.

Mzee Eliezeri alikunja uso. "Mtoto, unajua unaongea na nani?"

"Najua, babu." Dorkas aliwageukia watu wote. "Kila asubuhi tunaimba kujitegemea, halafu cha kwetu tunakivalisha karatasi ya watu ndipo tukile. Mnasema sukari hii ni ya gongo. Inakuwa ya gongo kwa sababu nyinyi hamuinunui, anabaki Chande. Bibi amemkatalia Chande peke yake. Nani wa kumsaidia kumkatalia?"

Mzee Eliezeri alikwangua tope lililobaki kiganjani. Alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mtu wa kukana bakuli lake.

"Nimekula mara mbili," alisema. "Siwezi kusema sikushiba. Duka la shule linunue kwa Mama Honorata. Na nyumba yangu pia itanunua."

Mikono ikapanda, ya wazazi karibu wote.

"Bado kosa lina malipo yake," Mwalimu alisema. "Dorkas, na wewe Lukasi mwenyekiti wa duka, wiki nzima mtabeba miwa ya Bibi kutoka shambani. Na mtapita kila nyumba iliyonunua, muwaeleze ukweli kwa vinywa vyenu."

"Na mimi?" Lukasi alilalamika. "Mbona mimi sijasema kitu?"

"Ndiyo sababu," Mwalimu alijibu.

Jumapili Chande alipanda mlima na magunia, akashuka nayo yamekunjwa kwapani. Jumatatu Dorkas na Lukasi walifika kwa Bibi na mizigo ya miwa. Mabonge mapya yalipangwa kwenye kikapu, kila moja limevaa ganda lake la mgomba na kishimo chake cha kidole.

"Jibu la kitendawili ni sukari yako, Bibi," Dorkas alisema.

"Umepata." Bibi alimpa bonge lililokuwa bado na joto, akampa na Lukasi. "Lakini sikilizeni. Karatasi yenu iliuza sukari siku moja, ikaniacha mimi sina jina. Ukweli umekubebesha miwa, Dorkas, ila umeniachia moto unaowaka. Kitu kizuri hakiombi radhi kwa mahali kilipozaliwa, na anayekijua asione haya kukitaja. Sasa chukueni kikapu, msichelewe shule. Na mkiulizwa imetoka wapi, mseme kwa sauti."