Tepe Nyekundu za Njia ya Maporomoko

Mvua iliwakuta njia panda. Hapo ndipo mama mkwe aliposimama ghafla, mkono kiunoni, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Tulitokea wapi?"

Mke wa mwanawe, fundi cherehani aliyembeba mtoto kifuani kwa mbeleko, alipekua vichaka kwa macho. Asubuhi aliona njia moja tu. Sasa vijia viwili viliteremka msituni, vyote vyembamba, vyote vikianza kutiririsha tope.

"Palikuwa na alama hapa, Mama. Utepe mwekundu kwenye kichaka. Niliuona tukipanda."

Mama mkwe akafungua mfuko wa nailoni aliokuwa nao tangu langoni mwa hifadhi. Chini ya chupa tupu na karatasi za peremende zilikuwamo tepe nyekundu, zimekunjwa vizuri kama shuka za wodini.

"Nilidhani ni takataka," alisema kwa sauti ndogo.

Alikuwa msafishaji wa hospitali tangu mwanawe hajaanza shule. Hawezi kupita karatasi chini bila kuinama. Hata kwenye harusi ya fundi aliokota vizibo vya soda kabla hajaketi. Miaka yote hiyo alipangusa vumbi kwenye kalenda ya korido yenye picha ya maporomoko haya, na leo, siku yake ya mapumziko, amekuja kuyaona kwa macho yake. Alipoyaona alicheka kama msichana.

"Umezitoa zote?"

"Nisizozifikia ndizo nimeziacha."

Siku nyingine fundi angecheka mpaka akae chini. Alitoa simu. Mtandao hakuna. Wakachagua kijia cha kushoto kwa sababu ngurumo ya maji ilikuwa upande huo, lakini mvua ilishakifanya kila kibonde kingurume. Kijia kikawafikisha kwenye mto uliofura, wa rangi ya chai, unaokokota magogo. Walipogeuka, jiwe likateleza chini ya mama mkwe. Akaanguka kwa kishindo, mguu umekunjika chini yake.

"Unaweza kuukanyaga?"

"Nikiukanyaga naona vimulimuli."

Fundi alichana pindo la sketi yake, akakifunga kifundo cha mguu kwa nguvu, akamkokota mpaka chini ya mwamba uliochomoza kama paa. Palinuka popo, lakini palikuwa pakavu. Akafunua mbeleko ili amnyonyeshe mtoto.

Mtoto huyu, bibi yake alimpachika jina la Bosi, kwa kuwa akitaka kitu nyumba nzima inasimama. Sasa Bosi alikuwa ameloa chapachapa. Midomo imefifia. Aligusa titi kwa mdomo, akaliacha.

"Mama, halii. Amelowa hivi na halii!"

Mama mkwe aliinua kichwa. Maumivu yalimtoka usoni kama mtu aliyeitwa kazini.

"Mvue. Zote, hata soksi. Nipe."

Akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake. Wameishi nyumba moja tangu harusi, na fundi hakuwahi kuona hata bega la mama mkwe. Hata akitoka kuoga alijifunika mpaka shingoni. Fundi akageuza uso.

"Heshima weka kando leo! Wewe umeloa kama yeye, mimi koti langu limenisaidia, kifua kikavu. Wodi ya watoto njiti wanafanya hivi. Nimepiga deki pale nikiwatazama. Ngozi kwa ngozi."

Bosi akalazwa kifuani pa bibi yake, koti likafungwa juu yao.

"Sasa nenda katafute njia."

"Siwezi kumwacha."

"Kwani unamwacha na nani, na mbwa? Chukua hizo tepe. Funga unakopita, usije ukapotea na wewe."

Fundi alitoka. Kila kona alifunga utepe kwa mafundo mawili, kama anavyomalizia mshono asiotaka ufumuke. Miiba ilimchana mikono. Kijia cha kwanza kilimpeleka kwenye ukuta wa jiwe. Akarudi, akafungua tepe zake, akajaribu pengine. Alitambaa kwa magoti penye utelezi. Kila aliposimama alitega sikio kusikia kilio cha mtoto, akasikia maji tu.

Kisha mkono wake ukagusa kitu baridi. Mnyororo. Mnyororo wa chuma uliopigiliwa kwenye ngazi za mawe, zile walizopandia asubuhi. Chini, ndani ya ukungu, taa ilikuwa inawaka kwenye kibanda cha askari wa hifadhi.

Alipiga kelele. Maporomoko yakaimeza sauti yake.

Miguu ilitaka kushuka. Kule kuna wanaume, kuna machela. Lakini mwanga ulikuwa unaondoka, na gizani utepe mwekundu hauna tofauti na jani. Akishuka, nani atamwona Bosi tena kabla ya asubuhi? Akaipa mgongo taa ile, akapanda kurudi.

"Mama!"

Alizifuata tepe, akauona mwamba.

"Mama!"

"Usinipigie kelele, sijafa." Sauti ilitetemeka pamoja na meno. "Anapumua. Tia mkono uone."

Alitia mkono ndani ya koti. Mgongo mdogo ulikuwa na joto kidogo, joto la maandazi yaliyoanza kupoa. Ulipanda, ukashuka.

Waliteremka wamekumbatiana, mama mkwe akiruka kwa mguu mmoja, Bosi katikati yao. Kila utepe ulipotokea, fundi alisema, "Huo hapo," na mama mkwe akajibu, "Nauona." Kwenye ngazi mama mkwe alikaa akashuka kwa makalio, jiwe baada ya jiwe, mkono mmoja kwenye mnyororo, mwingine kwa mjukuu.

Askari alifungua mlango, akarudi nyuma, kisha akakimbilia blanketi na jiko la mkaa. Ndani ya blanketi fundi alivua nguo zilizoloa, akampokea mtoto, akamwekea titi mdomoni. Hakunyonya. Akamkamulia tone kwenye midomo. Likateremka kidevuni. Akajaribu tena, na tena, akisema maneno asiyoyajua mwenyewe.

"Aai! Ameniuma!"

Bosi aliachia titi, akakunja uso, akavuta pumzi ndefu, akalia. Alilia kwa hasira zote. Askari alinyoosha mikono kumbembeleza.

"Mwache, baba," mama mkwe akasema. "Mwache alie."

Alijaribu kufunga blauzi yake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kifungo kilimponyoka kila mara. Fundi alimhamishia Bosi mkono wa kushoto, akasogea karibu, akaanza kumfunga vifungo kuanzia chini. Mama mkwe hakugeuza uso. Aliinua kidevu kidogo, ili kile cha shingoni kifikike.