Macho Yangu Yalikuwa kwa Palak

Jamani... nimeinama kwenye kamera, nachungulia kwa jicho moja, na humo ndani namwona mchumba wangu akimtoa Palak jani kavu kwenye nywele. Polepole. Tena anatabasamu.

Damu ilinichemka!

Ilikuwa 1996, kijijini Ekerenyo, Kenya. Kazi yangu ilikuwa kuwapiga video watafiti, nikiwasaidia waeleze utafiti wao mpaka mkulima aelewe. Siku hiyo mtafiti alikuwa Mose wangu, aliyechunguza ugonjwa wa migomba. Harusi yetu ilishatangazwa kanisani. Palak, binti wa Bharat mwenye duka la redio na TV pale Nyamira, alikuja kunishikia maikrofoni.

"Mose, hayo hata mimi sijaelewa," nikamwambia. "Mwelezee huyo mama mwenye shamba."

Mama mwenyewe aliitwa Bonareri. Mose alimsemesha kama mtu asiyemjua. Mimi sikumtazama mara mbili. Macho yangu yalikuwa kwa Palak.

Mara Mzee Ombati, baba yake Mose, akapita. Nikaiacha kamera kwenye stendi ikirekodi, nikaenda kumsalimia. Akanipa mkono, akampa na Palak. Nikafurahi, nikasema mkwe wangu ananipenda.

Jioni mimi, Mose na Palak tukaiweka kaseti kwenye TV ya dukani kwa Bharat. Nikairudisha nyuma, tena nyuma, namtafuta Palak na tabasamu zake...

Nikamwona Bonareri.

Mzee anakaribia, naye anainamisha uso, anajibanza nyuma ya mgomba. Hampi mkono. Mzee naye anageukia pembeni, anapitia mbali.

Ninyi wa kwetu mshaelewa. Kwa Wagusii, mke wa mwana hashikani mkono na baba mkwe. Mimi nilipewa mkono kwa sababu nilikuwa bado mgeni tu, si mke wa mwanawe.

"Mose, Mzee ana wana wangapi wa kiume?"

"Si unajua niko peke yangu."

"Basi huyu mkamwana wake ni mke wa nani?"

Akatazama TV. Akatazama viatu vyake.

"Phanice, ngoja nikueleze..."

"Eleza. Si ndiyo kazi yangu, kukusaidia ueleze?"

Palak, niliyemwekea kinyongo kutwa nzima, ndiye aliyenishika mkono nikilia.

Dada zangu, oneni wivu, sikatazi. Lakini kabla hujamchukia anayecheka na mtu wako mbele yako, mwangalie vizuri yule ambaye mtu wako anajifanya hamjui.