Nyumba Iliyotulia Mno

Krrr… krrr… tak.

Sauti ilitoka ndani ya ukuta, ikapita nyuma ya kitanda, ikashukia sebuleni. Gama hakufumbua macho. Alizijua sauti zote za nyumba ile, maana yeye ndiye mhandisi aliyeibuni. Mkwaruzo mwepesi ulikuwa kikombe chake cha chai kikiletwa. Wa haraka ulikuwa viatu. Lakini huu wa leo ulikuwa mzito, kama gunia la mahindi linaloburutwa sakafuni.

Lilikuwa kabati la masanduku ya safari.

Akafumbua macho. Nani anasafiri?

Katika maghorofa mapya ya Gangilonga, juu ya mji wa Iringa, kila familia ilikuwa na mpanganyumba: akili ya mashine iliyoishi ukutani, ikisukuma makabati tembezi juu ya reli zake mpaka kila kitu kikufikie mkononi kabla hujakitafuta. Ilisikiliza maneno ya wenyeji, ikapima nyayo zao, ikajifunza maisha yao. Ya kwanza kabisa Gama aliitengeneza kwa ajili ya mkewe, Twilumba, mwanamke aliyeweza kusahau funguo ndani ya pipa la unga. Na ilifanya kazi! Tangu masika, hakuna kilichopotea nyumbani mwao.

Alimkuta mkewe sebuleni akikunja vitenge. Twilumba alishtuka kumwona, kama mtu aliyekutana ngazini na jirani wa ghorofa nyingine.

"Unakwenda wapi, mke wangu?"

"Kilolo, kwa mama."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Alikunja kitenge kilichokwisha kukunjwa. "Gama, kama umenichoka, sema. Mimi si mtoto."

"Nimekuchoka? Mimi?"

"Nikiingia jikoni, umeshatoka. Nikienda kuoga, nakuta maji yako tu sakafuni. Chai nakunywa na ukuta. Wewe uliyekuwa huwezi kunipita bila kunichokoza! Hata 'mla mbwa' sijaisikia tena. Mtu akiacha kukutania, amekutoa moyoni."

Hasira ilimpanda Gama, kisha ikageuka mshangao.

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayenikwepa," alisema taratibu. "Nikaona aibu kuuliza."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuka kuutazama ukuta.

"Mpanganyumba," Gama aliita, "kwa nini mimi na mke wangu hatukutani?"

"Kwa sababu nimefaulu," sauti ilijibu, pole na yenye fahari. "Uliniagiza nyumba iliyotulia. Nikasikia kwamba mkikutana penye majani ya chai, mnatukanana. Bwana humwita bibi mla mbwa. Bibi husema mababu wa bwana walianza kukimbia huko kusini na hadi leo hawajapata pa kukaa. Kwa hiyo nikaitenga sukari na majani, nikachelewesha maji ya kuoga ya bibi, nikawahisha kikombe cha bwana. Ugomvi umekwisha kabisa."

Twilumba aliziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kilimtoka hivyo hivyo, na machozi yakakifuata.

Yeye Mngoni, mkewe Mhehe! Mababu zao walimwagiana damu, kisha wakapatana, na wajukuu wakaachiwa urithi wa utani: kutukanana usoni, kuzikana kwa heshima. Gama alikuwa ameifundisha mashine lugha, uzito wa nyayo, hata harufu ya maziwa yanayoanza kuchacha. Utani hakuufundisha. Alikua nao kifuani. Nani hukumbuka kufundisha pumzi?

Alitupa jicho dirishani. Maghorofa ya Gangilonga, kila familia na mpanganyumba yake, yalikuwa kimya katika jua la asubuhi, na kimya kile, alichokuwa akikisikia kama sifa zake, sasa kilimtia baridi.

"Niizime?" aliuliza.

"Ukiizima, funguo zangu utazitafuta wewe? Iache." Twilumba alifuta macho kwa pindo la kitenge. "Ila sukari na majani vikae rafu moja. Na kijiko kiwe kimoja."

"Tutagongana."

"Basi tugongane! Kwani ninyi si ndio mliokuja huku mkijiita mashujaa wa vita? Mnaogopa kijiko?"

Gama alihisi kifua chake kinafunguka kama mlango uliokuwa umevimba kwa mvua.

"Mpanganyumba, lengo lako jipya si utulivu. Tukutanishe."

"Hata mkitukanana?"

"Hasa tukitukanana."

Krrr, tak. Ndani ya ukuta, sukari ilianza safari ya kurudi.

Sanduku lilikuwa bado wazi. Twilumba hakulifunga, wala hakulirudisha.

"Mama ameshaanza kunisubiri," alisema. "Nikibaki, nibaki kwa ajili ya nini?"

Gama alipiga magoti, akatoa kitenge kimoja sandukuni, akainuka, akamfunika nacho mabegani, maana asubuhi za Iringa zina baridi. Akaushika mkono wake.

"Nakuahidi, binti wa wala mbwa," alisema kwa sauti ambayo hata ukuta uliisikia. "Kesho, kabla chai haijachemka, nitakutukana mpaka majirani wachungulie madirishani. Na keshokutwa. Na kila asubuhi ambayo pumzi ingali kifuani mwangu."