Saa ya Kwenye Fomu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Therese alichota maji mara mbili, akamenya ndizi za mchana, kisha akaanika buni kwenye jamvi uani. Mwaka uliotangulia kazi hizo zilikuwa za mama yake. Sasa mama yake, Speciose, alikaa kwenye kigoda mlangoni akichambua maharage, magongo yake mawili yameegemezwa ukutani, na kumwelekeza binti yake kwa maneno.

"Buni zile umezirundika, Therese. Zitandaze. Jua haliifikii buni iliyo chini ya nyingine."

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo sketi umeivaa nyuma mbele. Au ndiyo mtindo wa darasa la sita?"

Therese alicheka, akaigeuza sketi, akakimbia shule. Ulikuwa mwaka 1992, naye alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Speciose aligongwa na lori mwezi wa tatu, pembeni mwa barabara ya Kihanga, alipokuwa akienda sokoni na mkungu wa ndizi kichwani. Dereva alikuwa akikwepa shimo. Hakukimbia wala hakukana. Alimpakia Speciose kwenye lori lake, akampeleka hospitali mwenyewe. Mfupa wa mguu uliunga, lakini uliunga vibaya. Daktari alisema ni lazima uvunjwe tena na kupangwa upya kabla mwaka haujaisha. La sivyo, Speciose angetembelea magongo maisha yake yote. Gharama ya upasuaji ilizidi mavuno yote ya kahawa ya kibanja chao, yaani shamba la kuzunguka nyumba.

Lori lilikuwa na bima. Kwa hiyo baba yake Therese, Leonidas, alichukua fomu ya madai kutoka shirika la bima. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Leonidas alisoma Kiswahili bila shida, lakini Kiingereza hakukijua. Therese alikuwa wa kwanza darasani katika somo hilo. Aliijaza fomu mchana mmoja, baba yake akimjibu kila alipouliza. Kwa wiki nzima baadaye, Leonidas aliwasimulia watu kwenye mizani ya chama cha ushirika kwamba mwanawe amejaza fomu ya Kiingereza bila kufuta hata herufi moja.

Jibu lilifika mwezi wa tisa. Madai yamekataliwa.

Leonidas aliipokea barua hiyo, nayo ya Kiingereza, posta ya Kayanga, na palepale barazani alimpata mtu wa kumsomea. Mtu huyo aliitwa Placidius. Alitoka Bukoba, alikokuwa na ofisi ya kuwafuatilia watu madai ya bima yaliyokataliwa. Aliisoma barua haraka, akasema tatizo ni kwamba maelezo hayalingani, na kwamba mambo ya namna hiyo yanahitaji mtu mzoefu.

Jumatano alifika nyumbani kwao kueleza masharti. Shirika likilipa, yeye angechukua theluthi moja. Kabla ya kuanza kazi angepewa gunia moja la kahawa, na gunia hilo halingerudishwa hata madai yakishindwa. Aliacha mkataba mezani wausome, akaahidi kurudi Jumamosi kuchukua sahihi. Hakuwa tapeli. Ofisi yake ilikuwepo, na walikuwepo watu aliowasaidia kweli.

Alipoondoka, wazazi walijadiliana. Leonidas alisema theluthi mbili za kitu kilichopo ni bora kuliko kitu kizima kisichokuwepo.

"Theluthi mbili hazinifikishi kwenye chumba cha upasuaji," alisema Speciose. "Zinanifikisha mlangoni tu."

"Na bila huyu bwana tutafika wapi?"

Speciose alimwita Therese, akampa barua. "Nisomee yote, mwanangu. Hata yale ambayo watu wanaona hayana maana."

Therese alileta kamusi aliyoazima shuleni, akasoma kwanza kimoyomoyo, polepole. Aya ya kwanza ilikuwa ya salamu na namba za jalada. Ya pili ilisema madai yamekataliwa. Ya tatu ilieleza sababu: fomu inasema ajali ilitokea saa 1.30 kwa hesabu ya Kiingereza, yaani usiku wa manane, ilhali taarifa ya polisi inasema saa 7.30, asubuhi. Kwa hiyo shirika halina hakika kama ni ajali ileile. Mdai mwenye maelezo anaweza kuyaandika ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua, bila malipo yoyote.

Therese aliikumbuka siku ile ya fomu. Alimwuliza baba yake ajali ilitokea saa ngapi, naye akajibu, "Saa moja na nusu asubuhi." Therese akaandika 1.30. Lakini Waingereza huanza kuhesabu saa katikati ya usiku, nasi tunaanza kunapokucha. Saa moja yetu ya asubuhi ni saa saba yao. Mwalimu Rwegoshora alilifundisha jambo hilo tangu darasa la nne, na katika mtihani Therese hakuwahi kulikosa.

"Inasema nini?" mama yake aliuliza.

"Ni maneno ya kisheria, mama. Mengine sijayaelewa."

Speciose alimtazama kidogo, kisha akaikunja barua.

Siku mbili zilipita. Therese hakula vizuri. Ijumaa, wakati wa kufagia darasa, alimweleza rafiki yake Costansia habari yote, akamwapisha asiseme. Costansia aliegemea ufagio wake.

"Siku thelathini, umesema? Zimebaki ngapi?"

"Tisa."

"Na yule bwana anakuja kesho."

"Baba ameshawaambia watu wote, Costa. Kila mtu anajua niliijaza mimi. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie mtoto wake hajui kusoma saa." Costansia alicheka, lakini alipoona Therese hacheki aliacha. "Wewe unaogopa kuchekwa. Kuchekwa ni wiki moja. Mama yako je?"

Therese alichukua ufagio, akafagia mahali palepale palipokwisha kufagiwa.

Jumamosi Placidius alifika mapema, na Speciose akaagiza apewe uji. Mazungumzo yalikuwa mafupi, kwa sababu Leonidas alikuwa amekwisha kuamua. Gunia la kahawa lilikuwa karibu na mlango, limeshonwa. Alichukua kalamu, akaulaza mkataba mezani.

"Baba, usitie sahihi," alisema Therese.

Leonidas aliinua macho.

"Kosa ni langu. Ulisema saa moja na nusu, nikaandika moja na nusu. Kwa Kiingereza ilitakiwa saba na nusu. Ndiyo maana hawakutuamini. Wameandika kwenye aya ya tatu. Wanasema tueleze tu, na ni bure." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Nililijua tangu Jumatano."

Leonidas aliweka kalamu chini taratibu. Uso wake ulionyesha maumivu, lakini hakumkaripia. Alimgeukia mgeni na kumwuliza kama aya ya tatu inasema hivyo kweli.

Placidius alikiri kwamba inasema hivyo. Aliongeza kwamba hata barua ya maelezo ni kazi, naye angeiandika vizuri kwa masharti yaleyale.

"Utaandika nini ambacho mtoto hajakisema?" aliuliza Speciose.

Placidius alimjibu, akimwita kwa neno la heshima la Kihaya. "Ningekiandika kwa lugha nzuri zaidi, waitu."

"Basi theluthi ya mguu ni bei kubwa kwa lugha nzuri. Malizia uji wako, bwana. Hatuna ugomvi."

Alimaliza uji, akachukua mkataba wake, akaaga kwa heshima.

Siku ileile Therese aliandika barua kwa Kiswahili, lugha aliyoimudu bila kamusi, mistari minane, akieleza saa aliyoiandika, saa iliyokuwa sahihi, na jinsi kosa lilivyotokea. Mwalimu Rwegoshora aliikagua na kubadili neno moja tu. Jumatatu Leonidas aliipeleka posta kwa rejista, pamoja na nakala ya taarifa ya polisi. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Baada ya wiki saba jibu lilikuja. Shirika limekubali madai. Lingelipa gharama zote za upasuaji, na sehemu tu ya hasara ya miezi ambayo Speciose hakuweza kulima. Leonidas aliwaza kwa sauti kwamba huenda Placidius angewapatia na sehemu iliyobaki.

"Huenda," alisema Speciose. "Tukishindwa kuidai wenyewe, tutamtafuta. Siku hiyo tutajua tunamlipa kwa kazi gani."

Kisha alimwita Therese akae karibu naye.

"Nisikilize. Shirika halikutuonea, lilisoma kilichoandikwa. Bwana Placidius hakutudanganya. Alikuja kuuza kazi yake. Na wewe kukosea saa si dhambi, kila mwenye kalamu hukosea. Lakini ukweli wote uliujua wewe peke yako, ukaufungia siku tatu. Siku hizo tatu ndizo zilizokaribia kunigharimu mguu. Mtu akikuambia atakubebea mzigo kwa malipo, uinue kwanza mwenyewe ujue uzito wake. Na kosa likiwa lako, liseme likiwa bado dogo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ileile uliposema. Sasa niambie ukweli mwingine: kwa nini siku zile ulikuwa huli maharage yangu?"

Therese alimweleza kwamba kila alipoketi kula aliikumbuka ile aya ya tatu. Speciose alimvuta kifuani, akamshikilia kitambo, na Leonidas akatoka uani kwenda kumwambia jirani tarehe ya upasuaji.