Nyumba Aliyouziwa Wifi

Ndugu zangu, sogeeni karibu mnisikilize, maana jambo hili limo katika nyumba nyingi na wengi wetu tunalifunika kwa jina la undugu.

Palikuwa na mjane mmoja, fundi wa makochi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Makochi. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, na vyumba vya kulala nyuma. Asubuhi ungemkuta pale, misumari midogo ameibana midomoni, anavuta kitambaa juu ya fremu mpaka kinakaza. Redio iliimba peke yake, kwa sababu yeye na misumari ile mdomoni angeimbaje? Nyumba hiyo aliijenga na marehemu mumewe, chumba kimoja kimoja, na hakuwa na ugomvi na mtu.

Siku moja alipanda ngazi kushusha sponji, akateleza, akavunjika nyonga. Ikabidi apelekwe hospitali ya mbali, kisha auguzwe kwa binti yake aliyeolewa huko. Kabla ya kuondoka alimwita mdogo wake wa kiume, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Wakaenda kwa wakili kuandika hati ya uwakili, yaani karatasi ya kisheria inayompa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Hati hiyo ilimruhusu mdogo mtu kuitunza nyumba, na kuiuza endapo gharama za matibabu zingemshinda dada yake.

Gharama hazikumshinda, binti yake alizibeba. Mama Makochi alimweleza mdogo wake hivyo kwa simu, naye akamjibu kwa upole kwamba asiwaze, yeye apone tu.

Akapona. Akarudi kwake akitembelea mkongojo, akakuta karakana imepakwa rangi mpya na wifi yake, mke wa huyo mdogo wake, anapima madirisha ili ashone mapazia. Fremu na cherehani vilikuwa uani, vimelowa mvua.

Wifi hakushtuka. Alieleza taratibu kwamba nyumba sasa ni yake, ameinunua, na mumewe ndiye aliyetia sahihi kwa niaba ya mwenye nyumba. "Lakini usijali, wifi," akamalizia. "Chumba cha uani tumekuachia."

Jamani, hebu fikirini. Mtu anagawiwa chumba cha uani katika nyumba yake mwenyewe, na bado anatazamiwa ashukuru!

Mama Makochi hakushukuru. Aliburuta kochi moja bovu kutoka uani, akaliweka katikati ya karakana, akakaa na mkongojo wake magotini.

"Mimi siondoki," alisema. "Anayetaka nitoke aje anibebe."

Mdogo wake alipofika alikuwa anatokwa jasho. Alijitetea kwamba hati ilisema auze na yeye ameuza. Kwamba bei ilikuwa ya chini kwa sababu mnunuzi ni ndugu. Kwamba nyumba haijatoka nje ya familia. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kitu kimoja: kwa nini hakumpigia simu.

Kikaitishwa kikao cha ukoo. Mjomba wao alimsihi Mama Makochi ayamalize nyumbani, kwani kumburuza ndugu mahakamani ni aibu. Mmoja akamwita mkaidi.

"Sawa, mimi ni mkaidi," akajibu. "Lakini tangu mmekaa hapa, sijasikia yeye akiambiwa aibu. Aibu yote mmenibebesha mimi, kwa sababu nimedhulumiwa na sijanyamaza."

Msidhani alikuwa jiwe. Mtoto aliyembeba mgongoni, leo aende kumshitaki mbele ya watu baki! Alijifungia bafuni, akafungua maji ili asisikike, akalia. Alipomaliza alinawa uso, akaenda kutafuta wakili.

Mahakamani alisimama jirani yao, mwenye duka la dawa. Alieleza kwamba aliwahi kuitaka nyumba ile kwa bei nzuri ya soko, akaambiwa na mdogo mtu kuwa imeshapata mwenyewe. Hakimu akamgeukia mdogo mtu.

"Ulimwambia dada yako kwamba mnunuzi ni mkeo?"

"Hapana, mheshimiwa. Niliona yote ni familia."

"Basi hiyo ndiyo sababu ulipaswa kumwambia."

Hakimu akafafanua kwamba aliyepewa hati anauza kwa faida ya mwenye mali. Hawezi kujiuzia mwenyewe, wala kumuuzia mkewe au jamaa yake wa karibu kwa bei ya kutupa, pasipo mwenye mali kujua na kukubali waziwazi. Tena sharti lenyewe la kuuza halikuwahi kutimia. Mauzo yakabatilishwa, na wifi akaamriwa ahame.

Kwenye ngazi za mahakama mdogo mtu alimfuata dada yake, macho mekundu, akamwomba msamaha. Mama Makochi akaegemea mkongojo wake.

"Nitakusamehe siku nitakayoweza, si siku unayotaka wewe," alimwambia. "Ufunguo nipe leo."

Akanyoosha mkono, na haukushuka mpaka ufunguo ulipotua kiganjani. Kisha akarudi ndani kwa wakili wake kuifuta ile hati.

FUNDISHO

Kumpa mtu hati ya uwakili si kumpa mali yako. Unapoiandika, taja wazi kipi anaweza kuuza, wakati gani, na kwamba asijiuzie wala kuwauzia jamaa zake bila idhini yako ya maandishi. Ukiona imani imeingia doa, ifute mapema. Nawe uliyeaminiwa, ukitaka kumuuzia mkeo au ndugu yako, mwambie mwenye mali kwanza. Ukijiona unaogopa kumwambia, jua tayari unamdhulumu.

Na wewe uliyedhulumiwa, ukiambiwa unyamaze kwa heshima ya familia, waulize ni familia ipi: ile iliyokunyang'anya, au ile iliyokaa ikitazama?