Kisanduku Kando ya Stuli

Kila asubuhi Mama Picha hufungua studio, hupangusa stuli ya wateja na kuwasha kompyuta. Mumewe, aliyekuwa mpiga picha, alifariki mwanzoni mwa mvua. Kazi yote sasa ni yake.

Kupiga picha aliweza. Kukata picha ndiko kulikomtia hofu. Kila alipofungua picha kwenye kompyuta, kisanduku cha kukatia, kile kinachoonyesha sehemu ya picha itakayobaki, kilijitokeza chenyewe. Hakikukaa usoni mwa mteja. Kilikaa kando yake, kwenye ukuta mtupu, kirefu kama kimo cha mtu.

"Mama, unamkata nani hapo?" aliuliza dereva aliyetaka picha ya leseni.

"Hakuna mtu, baba."

"Mbona nasikia baridi begani, upande huohuo?"

Dereva akaondoka bila picha. Maneno hayana miguu, lakini yalifika mtaa mzima. Wateja wakaadimika. Mama Picha aliogopa: mume amekwenda, na studio nayo inakwenda.

Akamwita jirani yake, fundi wa kompyuta.

"Fundi, usinifiche. Ni yeye?"

Fundi hakucheka. Alifungua picha ya zamani: Mama Picha ameketi kwenye stuli, mumewe amesimama kando. Kisanduku kikaja. Kikamzunguka mume kutoka utosini hadi unyayoni, sawasawa.

Mama Picha akagusa kioo cha kompyuta. "Hapo ndipo alipojikata pichani kabla ya kulazwa hospitalini. Alisema, 'Mtahitaji picha yangu nikiwa peke yangu.' Ndiyo tuliyoiweka msibani."

"Pole, mama. Basi alipomaliza, alibofya 'Kiwe kipimo cha kawaida' badala ya 'Mara hii tu'. Kompyuta haisahau mpaka uiambie. Fungua 'Mipangilio'. Andika upana na urefu wa picha ya leseni. Mahali pa kuanzia, chagua 'Katikati, juu', penye uso. Sasa bofya 'Hifadhi'."

"Na kipimo chake kitafutika?"

"Kipe jina kwanza, kitunze. Utakiita ukikihitaji."

Akakipa jina: Baba.

Dereva alirudi alipoitwa, akaketi nusu stuli, tayari kukimbia. Safari hii kisanduku kilitua usoni pake. Akacheka kwa sauti, akaenda kuwaita wenzake, na kabla ya mchana benchi la nje lilikuwa limejaa.

Mama Picha alipobaki peke yake na picha ya dereva, alichagua "Baba". Kisanduku kikahama, kikasimama ukutani.

"Sogea kidogo, mume wangu," alinong'ona. "Wateja wanasubiri."

Kisha akarudisha kipimo cha kawaida.